Fomu mbili za damu, majibu mawili: vipimo hivi vyaweza kusema kama mtoto ana pumu?

MzaziKisauni aliuliza:

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote mnaosoma hapa.

Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 7. Tangu akiwa mdogo kifua chake hulia kila apatapo mafua, na mvua za masika zikianza hukohoa usiku hadi akaketi kitandani na kuegemea magoti ili apate kuvuta pumzi. Kwa muda mrefu tumekuwa tukimpa pampu ya buluu, ile ya salbutamol ya kufungua kifua, peke yake, nayo humtuliza kwa saa chache tu kisha hali hurudi ilivyokuwa. Mamangu ana pumu, na mimi mwenyewe nilikuwa nayo utotoni.

Mwezi uliopita alibanwa vibaya usiku, tukampeleka hospitali moja ya kibinafsi. Alipewa dawa ya mvuke kwa mashine pamoja na prednisoloni, dawa ya kortizoni ya kunywa, na asubuhi yake, akiwa tayari amekwisha kunywa prednisoloni hiyo mara mbili, akatolewa damu. Hemogramu, yaani hesabu ya chembe za damu, ilionyesha chembe nyeupe 14.2, na kati ya aina zake nyutrofili asilimia 82 na eosinofili asilimia 0.4; CRP, kipimo cha uvimbe mwilini, ilikuwa miligramu 18 kwa lita. Tukaambiwa kwamba hana mzio wowote, kwamba kifua kimeingiwa na bakteria, na tukaandikiwa antibiotiki.

Wiki kadhaa baadaye, akiwa mzima isipokuwa kile kikohozi cha usiku, tulimpeleka kliniki nyingine. Fomu ya pili inasema chembe nyeupe 9.4, eosinofili asilimia 9, CRP chini ya 5, ESR (kipimo kingine cha uvimbe) 24, na IgE ya jumla (kingamwili ya mzio) 1,140. Walipima pia IgE ya kitu kimoja kimoja, na majibu yakawa chanya kwa utitiri wa vumbi la nyumbani, mende na kamba wa baharini. Safari hii tukaambiwa ni pumu kali ya mzio, kwamba mtoto aache kamba, samaki, mayai na maziwa, na aanze pampu ya kahawia bila kuchelewa.

Nimebaki na fomu mbili mkononi ambazo kwa macho yangu zinakanushana. Je, damu yaweza kuthibitisha pumu? Nishike fomu ipi? Na hizi pesa za kupima kila mara zina faida gani kwa mtoto mwenyewe?

MaabaraTudor alijibu:

Waaleikum salaam, mzazi mwenzangu, na pole kwa mikesha hiyo. Kazi yangu ni ya maabara, kwa hiyo nitasema juu ya tarakimu na namna zinavyopatikana, na mambo ya tiba nitawaachia wenyewe.

Fomu zako hazikanushani. Damu ile ya kwanza ilitolewa baada ya prednisoloni, na ya pili ilitolewa dawa ikiwa imekwisha kutoka mwilini zamani, na hilo peke yake linatosha kueleza sehemu kubwa ya tofauti unayoiona. Eosinofili hutengenezwa katika uboho wa mifupa, hupita kwenye damu kwa muda usiotimia siku moja, kisha huingia kwenye tishu, na kwa mtoto mwenye pumu ya mzio nyingi huishia kwenye kuta za njia za hewa, ambako ndiko madhara yanakofanyika. Kwa hiyo kupima eosinofili za damu ni sawa na kuhesabu abiria walio juu ya feri ya Likoni ili ukisie ni wangapi wako kazini kisiwani Mombasa: kisio lina maana, lakini lategemea sana saa uliyosimama kuhesabu. Prednisoloni huziondoa chembe hizi kwenye damu ndani ya saa chache. Dawa hiyo hiyo hufanya kinyume kwa nyutrofili, maana huzitoa zile zilizokuwa zimejishikiza kwenye kuta za mishipa na kuziingiza kwenye mzunguko, na mtoto aliyekesha akihangaika kupumua huwa na nyutrofili nyingi hata kabla hajapewa dawa yoyote. Asilimia 82 ya nyutrofili katika hali ile si ushahidi wa bakteria. Na kukosekana kwa eosinofili baada ya vidonge vile si ushahidi kwamba hakuna mzio.

Nakushauri usisome asilimia. Soma hesabu kamili, ambayo hupatikana kwa kuzidisha chembe nyeupe zote kwa asilimia ya eosinofili. Kwenye fomu ya kwanza ni 14.2 mara asilimia 0.4, yaani takriban 0.06, na kwenye ya pili ni 9.4 mara asilimia 9, yaani takriban 0.85. Mashine nyingi huandika namba hizi kwa mabilioni ya chembe katika lita, ilhali madaktari wengi huzitaja kwa maikrolita, kwa hiyo zidisha kwa 1,000 utapata 60 na 850. Wazazi wengi huja dirishani kwetu wakiwa na hofu kwa sababu wameona 0.85 mahali na 850 mahali pengine wakadhani mtoto amezidiwa mara elfu, kumbe ni tarakimu ile ile. Jambo jingine ambalo halisemwi sana ni kwamba eosinofili hupanda usiku na kushuka kadiri asubuhi inavyosonga kuelekea adhuhuri, kinyume cha homoni ya kortiso, kwa hiyo anayetaka kulinganisha kipimo cha leo na cha mwezi ujao na atoe damu saa zile zile.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Huanza kupanda saa chache baada ya mwili kuchokozwa, hufika kileleni baada ya siku mbili hivi, na uchokozi ukiisha hupungua kwa nusu katika muda wa saa 19 hivi. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York katika damu ya wagonjwa wa nimonia, na tangu hapo imekuwa rafiki wa kila daktari wa dharura, pengine rafiki kupita kiasi. Miligramu 18 ni kiwango cha wastani ambacho mafua ya virusi huweza kukileta bila taabu, na virusi ndivyo vichochezi vikuu vya kubanwa kwa watoto. ESR ni mzito zaidi kupanda na kushuka, na huvurugwa na mambo yasiyohusiana na kifua: upungufu wa damu huipandisha, ilhali ugonjwa wa selimundu, ambao hapa Pwani si haba, huishusha hata pale uvimbe mwilini ulipo mkubwa. Tazama hemoglobini kwenye fomu hiyo hiyo kabla hujaogopa ile 24.

Sasa nina swali ambalo naona hukuulizwa kokote. Je, mtoto huenda mashambani wakati wa likizo, na akienda huoga kwenye mabwawa au mito? Nauliza kwa sababu eosinofili 850 na IgE 1,140 ni namba ambazo minyoo huweza kuzitoa bila msaada wa pumu. Minyoo aina ya askari (Ascaris), mayai yake yakimezwa pamoja na mchanga au mboga zisizooshwa, hutoa mabuu yanayopita kwenye mapafu kabla ya kurudi tumboni, na wakati wa safari hiyo mtoto hukohoa, kifua humlia, na eosinofili hupanda. Kichocho nacho huzipandisha, na hivyo hivyo safura. Mimi ningependa choo na mkojo vipimwe, atibiwe kitakachoonekana, kisha hemogramu irudiwe, ndipo uamuzi wa dawa ya muda mrefu ufanywe.

UmmuMajengo alijibu:

Mzazi wa Kisauni, pole sana. Mwanangu alipitia haya haya na sasa yuko darasa la nane, anacheza mpira. Sina elimu ya maabara kama ndugu yetu hapo juu, lakini naomba niseme kwamba karatasi za mzio zilitunyima raha nyumbani kwa muda mrefu, maana kila kitu kilichoandikwa chanya tulikiondoa mezani, mtoto akakonda, na kifua hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilisha hali ni pampu ya kinga kila siku asubuhi na jioni kwa kutumia chemba ya plastiki, godoro kufunikwa, kuvu ya ukutani nyuma ya kabati kusuguliwa, na sisi wenyewe kuacha kufukiza udi chumbani anamolala. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kwa mama mkwe, na kusema kweli lilikuwa gumu kwangu pia, kwani nyumba isiyonukia udi siku ya Ijumaa huiona haijafunguliwa. Sasa chetezo hakivuki ukumbi. Dawa ya mbu ya kuwasha nayo tuliiacha, tukabaki na chandarua.

Vipimo vingine naona ni biashara. Daktari akiagiza, muulize jibu likiwa juu atafanya nini, na likiwa chini atafanya nini. Kama ni jambo lile lile, pesa hiyo nunua spesa, yaani hiyo chemba ya plastiki.

TabibuGanjoni alijibu:

Mzazi mwenzetu, mimi ni tabibu wa watoto. Swali la Bi Ummu, kwamba jibu likiwa juu utafanya nini na likiwa chini utafanya nini, ningependa liandikwe juu ya kila fomu ya maabara, na nitalitumia kukujibu.

Hakuna kipimo cha damu ambacho peke yake huthibitisha au kukanusha pumu. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa dalili zinazokuja na kuondoka, yaani kikohozi cha usiku, kifua kulia, kubanwa akikimbia au akicheka, na kwa kuonyesha kwamba njia za hewa husinyaa na kufunguka kwa kiwango kisicho cha kawaida. Mtoto wa miaka 7 akielekezwa vizuri huweza kupuliza spirometa, mashine ya kupima pumzi: hupuliza kwanza, hupewa salbutamol, husubiri dakika 10 hadi 15, kisha hupuliza tena, na hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa zaidi ya asilimia 12 ya kiwango kinachotarajiwa kwa umri na kimo chake, huo ni ushahidi mzuri. Pasipo spirometa, kile kifaa kidogo cha mkononi cha kupima kasi ya pumzi, kikitumiwa asubuhi na jioni kwa wiki mbili na majibu yakaandikwa daftarini, hutoa picha ya kutosha. Historia uliyoieleza, pamoja na wewe na mama yako kuwa na pumu, ina uzito mkubwa kuliko tarakimu zote mbili za eosinofili.

Je, damu haina kazi? Inayo, ila kazi yake ni nyingine. Uvimbe wa njia za hewa katika pumu si wa aina moja. Kwa watoto wengi unaongozwa na mzio na eosinofili, na uvimbe wa aina hiyo hutulia vizuri kwa dawa ya kortizoni ya kuvuta, ambayo ndiyo iliyomo kwenye pampu ya kahawia. Wengine, hasa watoto wadogo ambao kifua chao hulia kwa virusi pekee, hawana eosinofili nyingi na huenda dawa hiyo isiwafae sana. Kwa hiyo hesabu ya eosinofili husaidia kukisia nani atanufaika. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka mitano, ulionyesha kwamba wale waliokuwa na mzio wa vitu vya hewani na eosinofili 300 au zaidi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kufaidika na dawa ya kuvuta ya kila siku. Kabla yake, mwaka 2000, watafiti waliowafuatilia watoto wa mji wa Tucson huko Arizona tangu kuzaliwa walitoa kigezo cha kutabiri nani kati ya watoto wa chini ya miaka mitatu wenye kulia kifua mara kwa mara angekuja kuwa na pumu, na eosinofili za asilimia 4 au zaidi zilikuwamo kama dalili ndogo, chini ya pumu ya mzazi na ukurutu wa ngozi ambazo zilihesabiwa kuwa dalili kubwa. Mwanao amekwisha kuuvuka umri huo, lakini naona kigezo hicho kikinukuliwa ovyo mitandaoni, ndiyo maana nakitaja.

Hapo ndipo ndugu yetu wa maabara amegusa jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani hulipita kwa sentensi moja. Vigezo hivyo vilitokana na watoto ambao minyoo kwao si jambo la kawaida. Ukileta tarakimu 300 Kwale au Kilifi bila kuuliza juu ya minyoo, utawakuta watoto wengi wanaoitimiza na hawajawahi kubanwa maishani mwao. Hilo halifanyi kipimo kuwa bure, ila kinapungua nguvu, na nguvu hiyo hurudi kiasi baada ya minyoo kutibiwa. Kuna pia ugonjwa wa mapafu unaoletwa na minyoo ya matende, ambao humkohoza mtu usiku kama pumu, na huko eosinofili huwa zaidi ya 3,000. Mwanao yuko mbali na kiwango hicho.

IgE ya jumla haipimi ukali wa pumu. Kiwango chake hupanda kadiri mtoto anavyokua hadi kukaribia ujana, hupandishwa na ukurutu, mzio na minyoo, na mtoto mwenye 1,140 huweza kuwa na pumu nyepesi, ilhali mwenye 90 akalazwa kila mwezi. Namba hiyo huhitajika hasa pale mgonjwa anapofikiriwa kuchomwa omalizumabu, sindano ya kuzuia IgE, kwa sababu dozi yake hukokotolewa kwa uzito wa mwili na IgE, na sindano hiyo pamoja na nyingine za jamii yake zilizoruhusiwa kuanzia umri wa miaka 6 zimekusudiwa wale ambao pumu yao haikutulia hata baada ya kutumia ipasavyo dozi kubwa za dawa za kuvuta. Bei zake ni za kutisha. Na kwa kuwa mwanao hajawahi kutumia dawa ya kinga hata siku moja, neno "kali" halimstahili bado. Pumu huitwa kali kwa kiasi cha dawa kinachohitajika kuituliza, haiitwi hivyo kwa tarakimu ya damu.

Kuhusu kamba. Ndani ya mwili wa kamba, mende na utitiri kuna protini moja ya misuli, tropomayosini, inayofanana sana kwa wote watatu, na ya minyoo aina ya askari haiko mbali nayo. Mtoto aliyezoea kuvuta vumbi la utitiri, na katika hewa yetu yenye unyevu utitiri hustawi kuliko mahali pengi, hutengeneza IgE ambayo ikipelekwa maabara huishika protini ya kamba pia. Fomu husema chanya, naye mtoto hula kamba wa nazi bila kuwashwa mdomo, bila kuvimba, bila kutapika. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa mwanao, aendelee kula. Samaki, mayai na maziwa sioni hata kwamba yametokea chanya kwenye fomu uliyoieleza, na kumnyima mtoto wa miaka 7 vyakula hivyo vyote kwa wakati mmoja ni kumtafutia utapiamlo.

Utaona maabara nyingine zikitangaza vipimo zaidi. Periostini, protini nyingine ya damu, imechunguzwa zaidi kwa watu wazima, lakini kwa mtoto haiaminiki kwa kuwa mifupa inayokua huitoa kwa wingi. Protini ya eosinofili iitwayo ECP hubadilika kwa jinsi damu ilivyoachwa kuganda kwenye kichupa. Uwiano wa nyutrofili na limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, ambao siku hizi umekuwa mtindo katika machapisho, hugeuka wenyewe kadiri mtoto anavyokua, kwani hadi umri wa miaka 4 au 5 limfosaiti ndizo nyingi, na prednisoloni huuvuruga kabisa. Kwa mtoto wako sioni hata kimoja kati ya hivyo kitakachobadilisha nitakachofanya kesho.

Pale nisipokubaliana na MaabaraTudor ni katika mpangilio. Choo na mkojo vipimwe, naam, lakini pampu ya kinga, yaani ile ya kahawia, isisubiri. Mtoto anayeamka usiku akiegemea magoti, ambaye karibuni amehitaji mvuke na prednisoloni, ana hatari ya kubanwa tena, na kuendelea na pampu ya buluu peke yake ni kuacha uvimbe ukiendelea huku njia zikifunguliwa kwa saa chache. Mwongozo wa kimataifa wa pumu haumpendekezei mtoto wa umri wa miaka 6 hadi 11 salbutamol peke yake; apate kortizoni ya kuvuta kwa dozi ndogo kila siku, au angalau kila mara anapotumia ile ya buluu, na kwa mtoto wako ningechagua kila siku. Antibiotiki hazina nafasi kwenye shambulio la pumu isipokuwa pana dalili za wazi za nimonia.

MzaziKisauni alijibu:

Shukran sana kwenu nyote. Bi Ummu, la udi limenichoma, maana kwetu hufukizwa kila jioni. Daktari, kamba hula tangu mdogo na hajawahi kudhurika.

Ndugu wa maabara, umenigusa. Kila likizo huenda mashambani kwa bibi yake Kinango, na huko watoto hawatoki bwawani. Dawa ya minyoo hupewa shuleni, nami nilidhani hiyo inatosha. Sasa nauliza mawili. Ikipatikana minyoo na akatibiwa, pumu yenyewe itaondoka? Na ile pampu ya kahawia, jirani yangu asema inadumaza watoto, ni kweli?

TabibuGanjoni alijibu:

La pili kwanza, kwa kuwa ndilo linalowafanya wazazi wengi waifiche pampu kabatini. Dawa ya kuvuta hupunguza kidogo kasi ya kurefuka, hasa katika mwaka wa kwanza au wa pili. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia watoto hadi utu uzima, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012, uliwakuta waliotumia budesonidi, kortizoni ya kuvuta, kila siku kwa miaka kadhaa wakiwa wafupi kwa takriban sentimita 1.2 kuliko wenzao. Hiyo si kudumaa. Kubanwa mara kwa mara, kukosa usingizi na kumeza prednisoloni kila baada ya muda mfupi humharibia mtoto ukuaji zaidi ya hapo. Tumia dozi ndogo inayotosha, kwa spesa, na asukutue kinywa na kutema maji baada ya kuvuta.

Kuhusu minyoo, usitarajie pumu iondoke. Minyoo ikitoka, huenda kikohozi kilichokuwa chake kikapungua, lakini mtoto mwenye historia ya familia kama yenu atabaki na njia za hewa zenye pumu. Tafiti juu ya uhusiano huu zimetoa majibu yanayovutana: uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi mwaka 2006 uliona pumu kwa uchache zaidi kwa wenye safura na kwa wingi zaidi kwa wenye askari. Mtibu minyoo kwa sababu minyoo yenyewe ina madhara yake, na kwa sababu tunataka kusoma damu yake bila kelele. Mwambie pia daktari wenu habari za Kinango kabla mtoto hajapewa tena prednisoloni kwa muda mrefu, kwani kuna aina moja ya minyoo, strongiloidi, ambayo huzaana vibaya mno mwilini mtu akiwa kwenye dawa hizo, na dozi moja ya albendazoli, dawa ya kawaida ya minyoo, mara nyingi haiimalizi.

MaabaraTudor alijibu:

Nimekubali marekebisho ya daktari juu ya pampu, isisubiri.

Mzazi, dawa wanayopewa watoto wengi shuleni ni albendazoli, nayo haiui kichocho. Kichocho huuawa na prazikwanteli, ambayo hutolewa katika maeneo yenye ugonjwa huo, na mtoto anayesoma Kisauni lakini akaoga Kinango huweza kupitwa na nafasi zote mbili: shuleni kwake haitolewi, na siku inapotolewa Kinango yeye amekwisha rudi mjini. Muulize kama ameona mkojo mwekundu mwishoni anapomaliza. Watoto wa kiume huficha, au huona ni kawaida kwa kuwa wenzao wote wa bwawani wanao.

Akitibiwa, usikimbilie hemogramu wiki ile ile, kwani minyoo inapokufa eosinofili huweza kupanda zaidi kabla ya kushuka. Subiri kama miezi mitatu. IgE usiirudie kabisa kwa ajili hiyo, hukaa juu muda mrefu. Siku ya kutoa damu mwambie mhudumu aandike kwenye fomu saa ya kutolewa, na tarehe ya mwisho ya prednisoloni kama alikunywa.

Mkojo usilete wa asubuhi na mapema. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mlete mtoto mwenyewe maabara wakati huo, arukeruke kidogo uani au apande ngazi, kisha tutampa kichupa, na tunachotaka zaidi ni matone ya mwisho.